Kidole cha Nyamizi na Vichuguu Viwili

Usianze kukunja pua. Hujasikia hata neno moja na tayari uso umeuvuta kama mtu aliyepewa chai isiyo na sukari. Unasema mchwa hachimbi dhahabu. Umewahi kukaa na mchwa wewe? Kutwa unakanyaga ardhi kwa viatu vyako na hujui chini yako nani yuko kazini. Mchwa hushuka mahali ambapo sururu haifiki, anatafuta maji ya kulowesha udongo wake, na akipanda hupanda na alichokikuta. Akikuta mchanga hupanda na mchanga. Akikuta dhahabu hupanda na dhahabu. Haijui, haiuzi, anajengea nyumba yake tu. Kama hutaki kuamini, ondoka uwaachie nafasi wenye masikio. Kama unabaki, funga mdomo, maana mwishoni utaulizwa wewe.

Hapo zamani, wala si zile zamani za wanyama kusema, zamani ya juzi tu ambayo baadhi ya watu wake bado wanapumua, palikuwa na kilima kinaitwa Ilindi. Juu ya kilima ni msitu. Chini ya kilima ni kijiji cha Mwanhembo. Na kati ya msitu na kijiji palikuwa na vichuguu viwili, kimoja cha chini na kimoja cha juu. Kutoka kimoja hadi kingine ni hatua mia mbili za mtu asiye na haraka. Zishike hizo hatua mia mbili, maana ugomvi wote umelala humo.

Katika nchi ile kichuguu si mali ya mwanamume. Mwanamume ana ng'ombe, ana mizinga yake ya nyuki, ana kiti chake ambacho mtoto hakai. Kichuguu ni cha mwanamke, na mwanamke humwachia mke wa mwanawe. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi hutoka na mabawa yao, na mwenye kichuguu ndiye anayetega majani na chungu, ndiye anayekaa akipiga ardhi kwa vijiti viwili, taratibu, mpaka mchwa walio chini wadhani matone yamerudi, wapande. Asiye mwenyewe akichota, atarudisha alichochota na kuku juu yake. Wanaume kazi yao kula. Ukimwuliza mwanamume wa Mwanhembo kichuguu cha fulani kiko wapi, atakwambia, "Kule." Kule wapi? "Kule kwa akina mama."

Basi serikali ikataka Ilindi iwe hifadhi. Wakaja wapimaji watatu na minyororo yao ya kupimia. Wakakaa na wazee wa kijiji, wanaume watupu. Mpimaji mkubwa akasoma karatasi iliyoandikwa na bwana mwingine aliyepita mwaka wa nyuma yake: "Mpaka utaanzia kijitoni, utapita kwenye kichuguu kikubwa, utaishia mwamba mweupe. Kila kilicho juu ya mstari huo ni cha hifadhi. Hakuna kulima, hakuna kukata, hakuna kuokota." Akakunja karatasi. "Haya wazee. Kichuguu kikubwa ni kipi?"

Wazee wakatazama mlimani. Vichuguu vyote viwili vilikuwa vimevaa vichaka, na cha juu kilikaa mgongoni mwa mteremko kikaonekana kirefu. Mzee akamtazama mzee. Kwa kweli kichuguu kikubwa kilikuwa cha chini, kikubwa kama nyumba ya vyumba viwili, na hicho cha juu ukikivua kichaka chake hakimzidi mbuzi aliyesimama. Lakini nani angewaambia? Walikuwa wamekula kumbikumbi wa mlima ule tangu kuota meno, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza wametoka wapi. Wakasema, "Waitwe wanawake."

Cha juu hakikuwa na mwenyewe; kichuguu cha chini mwenyewe alikuwa Bibi Holo. Naye Bibi Holo hakujua Kiswahili. Lakini alikuwa na mke wa mwanawe, Nyamizi, aliyeolewa miezi mitatu tu, aliyesoma mpaka darasa la nne. Wakapanda wote wawili. Njiani Bibi Holo akasema kwa lugha ya kwao, bila kugeuza shingo, "Ukionyesha changu, kesho ni cha serikali. Utawalisha nini wanao? Onyesha cha juu."

Mpimaji akauliza, "Wewe dada, kichuguu kikubwa ni kipi?"

Nyamizi akanyoosha kidole. Akaonyesha cha juu.

Wapimaji wakapanda mpaka pale, wakachimba, wakasimika bikoni, jiwe la saruji lenye namba. Mpaka ukapita hapo. Kidole kikashuka, Nyamizi akarudi nyumbani kutwanga. Kazi ya kupepesa jicho.

Ikapita miaka hamsini.

Bibi Holo akafa, kichuguu kikawa cha Nyamizi. Naye Nyamizi akazeeka akawa Bi Nyamizi, mwanamke mwenye maneno machache na yote yana miiba. Zile hatua mia mbili kutoka kichuguu chake mpaka kwenye bikoni hakuruhusu mtu aziguse. Si kwa mapenzi ya miti, usimpambe. Alijua miti ikiondoka, jua litakausha udongo na mchwa watakufa. Mumewe alitaka kulima tumbaku pale. Akamwambia, "Lima. Kisha mvua zikinyesha utatafuna hiyo tumbaku." Mume akaacha. Wakaja wachoma mkaa, akakaa juu ya gogo waliloangusha, akakaa kutwa, mpaka wakaona aibu wakaondoka. Muhanga, yule mnyama mla mchwa, akija kubomoa kichuguu, anakuta kimezungushiwa miiba. Miaka ikaenda. Kile kichuguu cha juu mchwa wake walikufa, mvua zikakiyeyusha, ikabaki bikoni peke yake ndani ya majani.

Na katika siku hizo Malongo akarudi nyumbani.

Malongo ni mtoto wa mdogo wake Bi Nyamizi. Mama yake alifariki Malongo akiwa hajaacha ziwa, akalelewa kwenye jiko la mama yake mkubwa. Alipokua akaenda machimboni, akakaa chini ya ardhi miaka kumi na moja, akarudi na kikohozi na ujuzi. Akachota udongo kidogo chini ya kichuguu, akauosha kwenye karai. Zikabaki chenga sita za dhahabu, zimekaa ukingoni kama ukoko wa wali.

Mwingine angerudi na sururu. Malongo hakufanya hivyo. Akaenda wilayani kuomba leseni. Akapanga foleni, akarudishwa, akapanga tena. Akauza ng'ombe wake wote, kisha akaezua mabati ya nyumba yake akauza, mkewe akalala chini ya nyasi. Mwaka wa sita akapewa karatasi: achimbe kuanzia bikoni kushuka chini. Zile zile hatua mia mbili.

Lakini bwana misitu wa Ilindi, mtu wa mbali anayeitwa Kihwele, alikuwa na tabia mbaya ya kusoma mafaili ya zamani. Akasoma: mpaka unapita kwenye kichuguu kikubwa. Akapanda mpaka kwenye bikoni, hakuona kichuguu. Akashuka hatua mia mbili, akakiona. Akaandika barua. Wilaya ikajibu kwamba afisa ardhi atakuja kuuliza jambo moja tu: wakati ule, kichuguu kikubwa kilikuwa kipi? Na aliyebaki hai wa kujibu ni mmoja.

Malongo akatangulia. Akaacha viatu nje, akakaa kwenye kigoda kilekile alichokalia utotoni, magoti yakamgusa kidevu.

"Mama mkubwa."

"Sema. Umekaa kama chura anayengoja nzi."

"Afisa akija, mwambie bikoni iko mahali pake. Basi. Sitaki kingine."

"Na kichuguu changu?"

"Sitakigusa. Nitaanzia duara pembeni."

"Duara ndiyo nini?"

"Shimo, mama mkubwa. Shimo la kuchimba."

"Pembeni ya kichuguu ni wapi? Unajua mchwa wangu wamefika wapi huko chini?"

"Sijui."

"Basi utawapitaje mbali na hujui walipo?"

Malongo akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akakohoa mpaka Bi Nyamizi akamsogezea maji. Akanywa. Kisha akasema, "Mimi siibi. Wenzangu waliingia hifadhini kwa kujificha, wamechimba, wamejenga. Mimi nimefuata sheria mpaka nimelaza mke wangu chini ya nyasi. Na mimi nikinyang'anywa hiyo karatasi, dhahabu itabaki imekaa inaningoja? Atakuja mtu wa mjini na mashine, asiyekuita mama."

Bi Nyamizi akasema, "Nimesikia."

Kesho yake akaja Kihwele. Alikuwa anachechemea, maana wakata magogo walimwangushia gogo mguuni akiwafukuza, na mguu uliunga vibaya. Hakukaa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mguu?"

"Upo."

"Nauona upo. Nauliza unaumaje."

"Unauma kukiwa na mawingu. Bibi, kile kichuguu hakikuota jana. Kina miaka mingi kuliko mimi."

"Hata sufuria yangu ina miaka mingi kuliko wewe."

"Ukisema kweli, zile hatua mia mbili zitaingia hifadhini na hakuna atakayechimba. Kijito kinachonyweshea vijiji vinne kinaanzia chini ya mizizi ya pale. Wakichimba, maji yatashuka mashimoni. Nimeona kwingine. Watu walibaki na ndoo mkononi."

"Na kumbikumbi wangu?"

Kihwele akatazama mguu wake. "Hifadhini hakuna kuokota, bibi. Hata kijiti."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

"Siku moja tu kwa mwaka? Si ungegeuka ukatazama upande mwingine?"

"Nikigeuka kwa ajili yako, nitageuka kwa ajili ya wote."

"Ungeweza kunidanganya kidogo. Mwenzako jana alinidanganya vizuri, nikamletea na maji."

"Ningeweza," akasema Kihwele.

Bi Nyamizi akasema, "Nimesikia."

Akabaki anafikiri. Akisema uongo, kichuguu kinakufa kwa sururu. Akisema kweli, kichuguu kinaishi, lakini si chake tena, atakitazama kama anavyotazama mtoto aliyeolewa mbali. Na akisema kweli, ataitwa mwongo wa miaka hamsini, na mtoto aliyemlea atarudi kwenye nyumba ya nyasi mikono mitupu. Alipembua mtama wote wa nyumba siku ile, hata ule uliokwisha kupembuliwa.

Siku ikafika. Mwezi wa kumi na moja, mawingu yamekaa mlimani, mvua haijaanguka bado. Afisa ardhi akaja, mwanamke wa makamo anaitwa Bi Evodia, akakaa ofisi ya kijiji na kalamu yake. Mezani akaweka karatasi ya zamani ya mpaka upande huu, leseni ya Malongo upande huu. Kijiji kizima kikajazana madirishani.

"Aseme mwenye leseni," akasema.

Malongo akasimama. "Serikali ilisimika bikoni, si mimi. Serikali ikanipa leseni kwa bikoni hiyo hiyo, si mimi niliyejiandikia. Miaka hamsini kila mtu wa Mwanhembo anajua mpaka uko pale. Kama bikoni ni uongo, na ramani ya kijiji ni uongo, na shule ni uongo, maana zote zilipimwa kutoka hapo. Nimetii. Nionyesheni kosa langu. Pale ni pangu."

"Aseme wa misitu."

Kihwele akasimama kwa mguu mmoja na nusu. "Jiwe halitungi sheria. Sheria ni karatasi, na karatasi inasema kichuguu kikubwa. Bikoni ilipotea njia, irudishwe. Hao mchwa wanachimba chini ya msitu, hata hizo chenga zimetoka chini ya msitu. Ukiruhusu duara moja kwenye mdomo wa msitu, mwaka ujao watakuwa kooni. Mguu mmoja nimeutoa kwa ajili ya msitu huu. Pale ni pa hifadhi."

Bi Evodia akawasikiliza wote. Kisha akageuka. "Bibi, tunakutegemea wewe. Wakati wapimaji wanakuja, kichuguu kikubwa kilikuwa kipi?"

Bi Nyamizi akarekebisha kanga yake.

"Kilikuwa cha chini. Changu. Mimi ndiye niliyewaonyesha wapimaji cha juu, kwa kidole hiki. Mama mkwe alinituma, lakini kidole ni changu, simsingizii marehemu."

Malongo akakaa. Akasema polepole, "Mama mkubwa, umeniua."

"Hujafa. Mkohozi hafi upesi."

Watu wakacheka madirishani, kisha wakaacha. Kihwele akaanza kutabasamu. Bi Nyamizi akamgeukia.

"Na wewe usifurahi upesi. Huko juu, ndani ya hifadhi, kwenye vibao vyako vya kukataza, miti mingapi ya mininga imekatwa tangu ufike?"

"Thelathini na saba," akasema Kihwele. "Ninayoijua."

"Na kwenye hatua zangu mia mbili?"

Kihwele akamtazama Bi Evodia.

"Mwambie afisa. Mingapi?"

"Hakuna."

"Nani aliyelinda? Wewe ulikuwa hujazaliwa nilipokaa juu ya gogo kutwa nzima. Ningeonyesha cha chini siku ile, pale pangekuwa hifadhini, na pangekuwa na visiki thelathini na saba vingine. Na wewe, Malongo, nani alikuletea dhahabu yako juu? Mchwa. Nani aliwatunza mchwa miaka hamsini, wakashuka, wakapanda, wakakupakulia mpaka kwenye karai? Ungeiota wapi wewe? Ninyi mna karatasi, kila mmoja na yake. Mimi sina. Lakini pale ni pangu."

"Ni pako kwa uongo, bibi," akasema Kihwele, bila ukali.

"Kwa uongo. Nimeshasema. Unataka niseme mara ngapi?"

"Mama mkubwa," akasema Malongo, "uongo ni wako, kwa nini adhabu ni yangu?"

Hilo lilimwingia Bi Nyamizi. Akalipokea, akakitazama kidole chake.

Bi Evodia alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi, haishuki. Akafuta miwani. Akaishika tena kalamu. "Nimesikia," akasema, na wino haukutoka. "Nikiandika kichuguu, namvunja mtu aliyetii. Nikiandika bikoni, nauandikia uongo muhuri, na kijito kinakauka. Na nikikuandikia wewe bibi, kesho kila mwongo atakuja kudai alichokilinda. Wewe ungekuwa mimi ungeandika nini?"

Hapo tone la kwanza likagonga bati. Likafuata la pili, kisha yakawa mengi, makubwa, mvua ya kwanza ya mwaka. Kila mwanamke aliyekuwa dirishani akageuza uso kutazama mlimani, na mmoja mmoja wakaanza kuondoka.

Bi Nyamizi akainama, akatoa chini ya benchi chungu chake. Alikuja nacho. Hakuna aliyekiona alipokuja nacho.

"Bibi, hatujamaliza," akasema Bi Evodia.

"Wewe umesoma, mimi niliishia la nne. Niliombwa kidole mara moja, nikakinyoosha, mkakaa nacho miaka hamsini. Leo nimekirudisha. Sasa nyoosheni vyenu."

"Unakwenda wapi na mvua hii?"

"Kule," akasema Bi Nyamizi. "Kwa akina mama."

Akatoka na chungu chake, akaufunga mlango.

Nawe uliyekunja pua, umo humo ndani pamoja nao, mlango umefungwa. Mvua inapiga bati. Malongo aliyetii yuko kulia, Kihwele mwenye mguu mbovu yuko kushoto, kalamu iko mezani na inakutazama wewe. Kuna mwenye karatasi ya kweli ambayo hakuna aliyeishi kwayo. Kuna mwenye jiwe la uongo ambalo kila mtu aliliamini. Na kuna aliyedanganya, akalinda, kisha akasema kweli iliyomnyang'anya alichokilinda. Hatua ni mia mbili tu, hazigawanyiki.

Haya, nyoosha kidole. Je, nani alistahili?